Paa la Mama Yako na Bei ya Mtani

Temeke, nyuma ya msikiti,
Dar es Salaam.
Tarehe 22 Novemba, 1953.

Mpendwa mpwa wangu Shomari,

Pokea salaam zetu sote. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na kwamba ile baridi ya alfajiri ya Tabora haijakuingia kifuani. Ulisema unakohoa. Je, kikohozi kimepoa? Kunywa tangawizi, na usilale dirisha wazi kama Mzungu. Sie huku hatujambo. Mama yako Zuena hajambo, miguu imepungua kuuma tangu alipoanza kuikanda kwa mafuta ya nyonyo. Mie nina nguvu zangu zilezile. Juzi bandarini kuli mmoja alidondosha gunia la kopra, nikalidaka kabla halijagusa chini, na mkono wa pili nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Chai haikumwagika. Watu wa zamu yangu watakuambia, ukiwauliza vizuri.

Sasa nijibu swali lako. Umeuliza kwa nini nilikuandikia habari ya gharama za kuosha paa, wakati mvua inaosha bure. Nakusamehe kwa kuwa unakaa bara, mahali ambapo nguo ikianikwa asubuhi, saa nne imekauka. Huku pwani mvua haioshi paa, inalilisha. Inashuka, inakaa, jua linatoka kidogo, mvuke unapanda, na bati linaota ukoga wa kijani kama jiwe la kisimani. Nilipokuwa Burma, vitani, kuvu lilikuwa likiota juu ya kofia ya sajini wetu asubuhi, na jioni linachanua. Tulikuwa tukiyachuma maua tunapamba bunduki. Kwa hiyo habari ya unyevu usinifundishe, mie nimeuona ulipozaliwa.

Paa la mama yako lilikuwa limefika hapo. Unajua ule mfenesi wa jirani unavyolala juu ya nyumba upande wa kisimani. Majani yalianguka mwaka hadi mwaka, yakaoza kwenye maungio ya mabati, ukoga ukaota juu ya majani, na juu ya ukoga ikaota mimea ambayo hata mie sikuijua jina. Mfereji wa bati uliziba. Chura alipanda huko mwanzo wa masika akaona pana maji na pana chakula, akakaa, akazaa, watoto wakakua wakajenga. Usiku tulikuwa tukiwasikia wakigombana juu ya mipaka.

Hayo yote tungeyavumilia. Lililotubana ni chumba. Maji yakikosa njia ya kwenda mbele hurudi nyuma, yakapita chini ya bati, yakashukia ndani ya chumba kilekile tulichomwekea Mwajabu uliyemposa, atakapokaa na mama yako mpaka wakubwa wako wa Relwe wakupe nyumba huko. Na mtu fulani, simtaji, alipeleka habari hiyo Kunduchi. Mzee Mwishehe, baba yake Mwajabu, alituma neno kwamba posa yako ameipokea lakini jibu hatoi mpaka aje aone nyumba kwa macho yake. Alisema hivi: “Sikumlea binti yangu aje kukinga masufuria chini ya paa la watu.” Neno zito. Mama yako alilisikia, hata chumvi akasahau kutia kwenye mchuzi.

Akataka kukuandikia uuze baiskeli yako tununue mabati mapya. Nikamkataza. Nilipanda mwenyewe juu, nikagonga kila bati kwa kifundo cha kidole, nikasikiliza. Bati lililooza hulia kama kibuyu. Yale yalilia kama kengele. Nikamwambia, paa hili halifi, linaumwa uchafu tu. Lioshwe.

Hapo ndipo habari ya gharama ilipoanza, na nikueleze ili siku ukiwa na nyumba yako usidanganywe. Nilikwenda kwanza kwa fundi mmoja Mhindi mwenye ngazi ndefu na vibarua. Alikuja akatazama kutoka barabarani, hakupanda hata hatua moja, akasema shilingi sitini. Mshahara wa tarishi wa mwezi mzima, mwanangu, kwa kukwangua majani. Nikamuuliza kuna nini humo. Akasema paa ni la mwinuko, ni la kuteleza, mabati ni ya zamani hayataki kukanyagwa katikati ila juu ya misumari tu, na maji ya kuoshea ni ya kununua gatini, kwenye bomba la kulipia, debe kwa debe, na wa kuyapandisha juu naye ataka chake. Ukweli ni kwamba hakusema uongo. Maji ndiyo yanayokula fedha, kuliko mtu. Ila sitini hatukuwa nazo.

Wakaja vijana wa hapa mtaani na jembe, wanataka shilingi sita. Nikawafukuza. Jembe linaondoa ukoga, na linaondoa na ile ngozi nyeupe ya bati, na mwaka wa pili unalala unahesabu nyota. Kumbuka hilo. Paa la rahisi ndilo la ghali.

Mwisho akaja Nikodemu. Huyu ni Mnyamwezi, mtu wa huko huko uliko, amekuja pwani zamani na alikuwa akiosha vigae vya nyumba za Wazungu kule Oyster Bay mpaka alipogombana na mpishi. Mwili mpana, sauti kama ya mnadi samaki. Anaosha kwa brashi ya makumbi na ufagio wa chelewa, kisha anapitisha maji ya chokaa ili ukoga usirudi upesi. Kazi hasa. Akataka shilingi ishirini na tano.

Wewe ulituma thelathini. Lakini wageni wa Kunduchi huwezi kuwapokea kwa maji matupu. Palitakiwa jogoo, mchele, nazi, samli. Nikapiga hesabu nikaona nikimpa Nikodemu ishirini na tano, tutampokea Mzee Mwishehe kwa bilauri na tabasamu. Nikaona njia. Nikamwambia, “Nikodemu, wewe Mnyamwezi, mie Mzaramo. Tangu lini mtani akamtoza mtani? Babu yako alibeba pembe kutoka Tabora kwa miguu, akafika hapa akaitazama bahari, akauliza inanywewa upande gani. Nani alimpa maji ya kisima? Babu yangu.”

Akasema, “Kweli. Babu yako alikuwa amelala kivulini. Akaamka kidogo, akamuuzia babu yangu nazi moja kwa pembe moja, akalala tena. Mpaka leo hamjaamka.”

Watu walikuwa wameshasimama. Nikamwambia, “Basi nazi ile ndiyo malipo yako. Umeshalipwa tangu enzi za Mjerumani.”

Akacheka sana, akanishika mkono. “Haya, mtumwa wangu. Umesema mwenyewe mbele ya watu. Hapa hapana mshahara, pana utani.”

Nikaona nimeokoa shilingi ishirini na tano kwa ulimi. Mama yako hakucheka. Alinivuta uani akaniambia, “Kaka, mlipe mtu huyu. Kibarua ukimlipa, jioni anakwenda zake. Mtani asiyelipwa hana mpaka.” Nikamjibu kwamba mimi ndiye niliyewahi kumtania ofisa wa forodha mpaka akanipa saa yake ya mkononi. Akachukua ungo. Unamjua mama yako, akiona neno lake halisikiki huenda kupepeta mchele.

Basi Nikodemu akaanza. Siku ya kwanza alikuja adhuhuri, akaosha kipande, akaondoka. Nilipomwambia awahi, akasema mtu anayelipwa ndiye mwenye saa. Siku iliyofuata hakuja kabisa. Nikaenda kumtafuta nikamkuta anakunywa uji kwa watu, akaniambia anaomboleza msiba wa yule aliyenunua nazi. Nikarudi zangu nyumbani, maana niliufungua mlango mwenyewe. Lakini akiwa juu, Shomari, yule mtu anajua kazi. Alikanyaga juu ya misumari kama paka. Alizibua mfereji kwa mkono, akatoa matope na majani yaliyooza, ndoo baada ya ndoo, na ndani ya matope akatoa kijiko, kandambili na jino la mtu ambalo hatujamjua mwenyewe. Vyura akawahamishia kwa jirani mwenye mfenesi. Nikaona hiyo ni haki.

Wageni walipanga kuja Alhamisi baada ya sala ya alasiri. Alhamisi hiyo Nikodemu alikuwa bado yuko juu. Upande wa barabarani ulikuwa umeshang'aa, upande wa kisimani amemaliza kuusugua bado kuusuuza. Nikamwomba ashuke, wageni wakishaondoka aendelee. Akasema, “Wageni gani hao wasiotaka kumwona fundi?” Akakaa juu kabisa, kwenye mgongo wa paa, miguu huku na huku kama amempanda punda.

Lori la samaki likasimama. Akashuka Mzee Mwishehe na fimbo yake, mkewe Bi Mwanabaraka, na wazee wengine wa upande wao, na kapu la nguru wakavu kwa ajili ya mama yako. Mie nimevaa kanzu ya Idi. Kabla sijafungua kinywa kusema karibuni, sauti ikatoka mbinguni.

“Karibuni, Wazaramo. Huyo mwenye kanzu atawaambia alipigana Burma. Muulizeni alimpiga nani. Mie nasikia vita vilikuwa baina yake na magunia ya viazi.”

Mtaa mzima ukacheka. Mama yako aliinama chini. Mie nikasimama wima, maana askari hayumbi, nikasema, “Viazi hivyo vilikuwa vya Wajapani.” Wakacheka tena, na safari hii upande wangu. Lakini Mzee Mwishehe hakucheka. Alikuwa akilitazama paa. Nikaona moyo wa mama yako ulivyo usoni kwake, na wewe uko mbali, na neno lako lote lilikuwa limekaa juu ya bati pamoja na yule mpagazi.

Nikodemu akaendelea. “Mzee wa Kunduchi, umekuja vizuri. Mke wangu yuko wapi?”

Mzee Mwishehe akauliza kwa upole, “Mke wako nani?”

“Mwajabu. Nyumba hii ni ya nani kama si ya mke wangu? Waulize watu hawa, nimeiosha kwa mikono yangu, bure, sikupewa hata senti. Mwanamume gani anaosha paa bure kama si mwenye mke? Huyo Shomari yuko kwetu Tabora, dada zangu wanamlisha asali, hana haja. Mimi ndiye mkwe wako. Sishuki mpaka nijibiwe.”

Sasa hapo, mpwa wangu, unajua mila zetu. Mtani akidai mke hadharani hupandwi na hasira wala hukai kimya. Ukikasirika utatozwa. Ukinyamaza, umekubali, na wataimba habari yako ngomani mpaka Bagamoyo. Dawa yake ni moja tu, kumtaja mwenyewe wa mwanamke mbele ya watu. Na Mzee Mwishehe ni Mzaramo kama sie, kwa hiyo Nikodemu ni mtani wake vilevile. Alitazama chini, akatazama fimbo yake, akawatazama wanawake waliojaa vichochoroni wakimngoja. Akakohoa.

“Mpagazi, shuka. Binti yangu ana mwenyewe.”

“Nani? Mtaje. Huku juu kuna upepo.”

“Shomari,” akasema Mzee Mwishehe. “Mtoto wa Zuena.”

Vigelegele vikapigwa mpaka kuku wakakimbia. Nikamwona mzee anashtuka kidogo, kama mtu aliyeingia baharini kuosha miguu akajikuta amelowa kiuno. Alikuja kutazama mabati, na jibu la posa alikuwa amelifunga mfukoni kwa siku nyingine. Limemtoka mbele ya mtaa mzima wa Temeke, na halirudi.

Nikadhani mambo yamekwisha. Bi Mwanabaraka alikuwa hajasema lolote tangu ateremke kwenye lori. Akajitanda kanga yake vizuri, akasema, “Mume wangu amejibu la mdomo. La paa bado.” Akamwomba mama yako kigoda, akaingia nacho chumbani, kile chumba chenyewe, akakiweka palepale penye doa la maji sakafuni, akakaa. Kisha akaita kwa sauti, “Wewe mpagazi wa juu, mwaga.”

Nikodemu akanitazama, akaacha utani. Akavuta debe la maji kwa kamba akalimwaga kwenye mgongo wa paa, taratibu, juu ya chumba. Akavuta la pili. Maji yalisikika yakiteremka kwenye bati, yakaingia mferejini, yakakimbia mpaka kwenye pipa. Mwanzo yalitoka kijani, kisha meupe ya chokaa, kisha maji tu. Akamwaga la tatu, kwa nguvu, kama mvua ya upepo. Mama yako alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Mie nilikuwa nimetulia, ila nilisahau kupumua kidogo, ambalo si jambo kubwa kwa mtu aliyewahi kuzamia bandarini akatoa nanga.

Bi Mwanabaraka akatoka. Akapapasa kichwani, akapapasa mabegani. Kanga ilikuwa kavu. Hakusifu wala hakucheka. Alimgeukia mama yako akamuuliza, “Kitanda mtakiweka upande gani?”

Mama yako alinyoosha mkono kuonyesha, na yule bibi akaushika.

Ndipo Nikodemu akadai fidia ya kunyang'anywa mke. Akakataa shilingi, nilijaribu kumpa kumi. Alitaka sinia. Lile sinia, Shomari, la wali wa nazi na jogoo mzima, tulilowapikia wageni. Likafungwa kwa kamba likapandishwa juu, naye akala hukohuko, akitusifia mapishi kwa sauti kubwa kipande baada ya kipande. Wageni wakala muhogo na nguru wao wenyewe waliotuletea. Nikamwomba Mzee Mwishehe radhi. Akasema hana neno, huyu samaki anamfahamu, angalau anajua amevuliwa lini. Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza, na alicheka mpaka akashika mbavu. Nikodemu alipomaliza aliteremsha sinia tupu, kisha akashuka, akachukua koti langu la vita lililokuwa limetundikwa barazani, akalivaa akaenda nalo. Mtani akichukua, humdai.

Basi hesabu ni hii. Chokaa, maji ya gatini, jogoo, mchele na samli, zile thelathini zimekwisha zote, na koti limekwenda. Ukitia thamani ya koti, tumempita Mhindi. Lakini nionyeshe mtu mwingine Temeke hii aliyeosha paa akapata na jibu la posa ndani ya bei hiyohiyo. Mie simjui. Mama yako anasema lile lilikuwa jaala ya Mungu. Nimemwachia aseme.

Jambo jingine. Nimezungumza na jirani, tumekata matawi ya mfenesi yanayotuelekea. Paa liangaliwe kila mwaka kabla ya masika, mfereji uzibuliwe na chokaa ipitishwe, na hapo litakuchukua mpaka wajukuu. Ukija usimpe Nikodemu fedha. Ukimlipa atakuwa kibarua, na mabati yale yatahitaji mtani tena.

Kubwa kuliko yote ni hili. Wazee wamekaa Ijumaa, wameona Mfungo Nane, mwezi wa pili baada ya huu, ni mwezi mzuri wa ndoa. Nenda kwa mkubwa wako wa kazi, vua kofia, omba likizo, hata ya siku chache. Usitume mtu wala usitume barua ya kujieleza. Jina lako limetajwa mbele ya watu wa Temeke na Kunduchi, na mama yako ameshaanza kupaka chokaa kuta za chumba. Wamesema binti ana mwenyewe. Mwenyewe aonekane.

Mkaza mjomba wako Binti Salumu anakusalimu, na watoto wote, na Bi Avelina wa nyumba ya pili anayekuletea dua kwa dini yake. Nisalimie Bwana Projestus mnayekaa naye chumba kimoja, umwambie barua zako anazokusaidia kuandika bahasha zinafika bila kupotea. Mama yako anasema ule ushibe, na kwamba hana neno jingine, yuko radhi nawe.

Mwenyezi Mungu akulinde reli kwa reli, akufungulie riziki ya halali, na akufikishe kwenu salama.

Ndimi mjomba wako akupendaye na asiyekusahau,

Marijani
Mnyapara, Bandari ya Dar es Salaam